Mstari mwekundu si hakimu wa Kiswahili

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii naijua tangu utotoni, lakini maana yake kamili niliipata nilipokuwa nikimpigia chapa mjomba wangu mashairi yake. Mwiba wenyewe haukuwa wa mti. Lilikuwa neno moja tu lililokosewa, na mimi mwenyewe ndiye niliyelificha ndani ya kompyuta na kuiamuru mashine isilione tena.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka mingi amekuwa akiandika mashairi kwa mkono katika madaftari ya shule. Siku hizi macho yake yamepungua nguvu. Hawezi tena kusoma maandishi madogo, ingawa masikio yake yangali makali kama ya kijana. Aliponiomba nimpigie chapa madaftari hayo yapate kuwa kitabu, nilikubali bila ya kusita. Nilidhani ni kazi ya majuma mawili. Ilichukua miezi saba, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kupiga chapa, bali ya kugombana na mstari mwekundu.

Msomaji yeyote anayetumia kompyuta, au tarakilishi kama wanavyoiita walimu wetu, anaujua mstari huo. Ukiandika neno ambalo mashine hailijui, hulipigia papo hapo mstari mwekundu wenye mawimbi. Mtindo huo uliingia katika programu ya Microsoft Word mwaka 1995, na siku hizi umeenea hadi kwenye simu za mkononi. Wengi wetu tumezoea kuuona kama kalamu nyekundu ya mwalimu. Tukiuona tunaingiwa na hofu, tunasahihisha haraka, tunaendelea.

Lakini mashine hiyo si mwalimu. Kazi yake ni kulilinganisha neno uliloandika na orodha iliyopewa. Likiwamo, hunyamaza. Lisipokuwamo, hupiga mstari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1971, Ralph Gorin alipotunga programu ya kukagua tahajia katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, na kimsingi hivyo ndivyo mstari mwekundu unavyofanya kazi hata leo.

Ndiyo maana ukiandika kwamba wananchi "walipiga kula" ilhali walipiga kura, huenda mashine isiseme kitu. Kula ni neno, na kura pia ni neno. Vivyo hivyo kwa aliyetaka kalamu akaandika karamu. Makosa haya ya l na r, ambayo yametusumbua Wakenya tangu madarasa ya chini, hupita mbele ya mlinzi huyo kwa sababu kila neno lina kitambulisho chake.

VINA VYAVUNJIKA

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitii mashine. Katika shairi moja mjomba aliandika juu ya uzee, na mwisho wa mshororo mmoja akataja mato. Mashine ikapiga mstari. Nikajiambia kwamba bila shaka mzee alikusudia macho, nikabadilisha. Mbele kidogo nikakuta ndia, nikaandika njia. Nikakuta mtele, nikaandika mchele. Usiku ule nililala nikijiona nimefanya kazi safi kabisa.

Kesho yake jioni nikaenda kumsomea. Nilipofika kwenye ubeti ule wa uzee, alininyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, hayo macho umeyatoa wapi?"

"Yalikuwa mato, mjomba. Nimeyatia katika Kiswahili sanifu."

"Haya. Na kina changu nacho umekitia wapi?"

Sikuwa na jibu. Mishororo yote ya ubeti ule ilikuwa ikimalizikia kwa -to. Kwa neno moja nilikuwa nimeuvunja ubeti mzima, tena katika shairi la mtu anayelalamikia hayohayo mato yake yaliyofifia.

Mato, ndia, mtele na mtanga si makosa. Ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambapo sehemu nyingine husema macho, njia, mchele na mchanga. Ni lahaja yenye washairi wakubwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliitungia mashairi ya siasa, ya mapenzi na ya kejeli. Tungo zake zingeweza kupotea lau si juhudi za Mwalimu Sikujua, ambaye katika karne hiyohiyo alizikusanya na kuzifafanua akisaidiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Nao mwaka 1973 Abdilatif Abdalla alitoa diwani yake, Sauti ya Dhiki, yenye lafudhi ya Kimvita kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi.

Sasa ebu fikiri, ndugu msomaji. Lau mpiga chapa wa diwani hiyo angelikuwa mimi, na mashine yangu, na bidii yangu ya kusahihisha, tungelisoma nini leo?

NANI ALIYEUCHORA MSTARI?

Ubishi huu haukuletwa na kompyuta. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano papa hapa Mombasa, na ukaamua kwamba Kiswahili cha shuleni kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar. Kimvita kikaachwa nje, tena nyumbani kwake. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na moja ya kazi zake ilikuwa kuhakikisha kwamba vitabu vya shule vinatumia tahajia moja. Matunda yake yalionekana katika kamusi ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Frederick Johnson. Baadaye, mwaka 1981, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Ni kwa sababu yake mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mbeya wanaweza kusoma kitabu kimoja wakaelewana. Lakini orodha yoyote ina mipaka, na neno lililobaki nje ya mpaka si lazima liwe limekosewa. Pengine halikualikwa tu.

Hata watengenezaji wa programu hawakubaliani kuhusu nyumbani kwa Kiswahili. Katika hesabu za Microsoft, lugha yetu iliandikishwa kwa alama sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Orodha ya maneno inayokuja na programu ya bure ya LibreOffice imebandikwa sw_TZ, Kiswahili cha Tanzania. Lugha ni ileile, mashine mbili, na kila moja imempa uraia wake.

Kwa bahati nzuri, wataalamu hao walijua kwamba orodha yao haitatosha. Kwa hiyo wakaacha mlango mmoja wazi. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya neno lenye mstari mwekundu, utapewa nafasi ya kuliongeza katika kamusi yako mwenyewe. Ukishaliongeza, mstari hutoweka, na neno hilo halitapigiwa mstari tena katika kompyuta hiyo.

DAWA YAGEUKA SUMU

Baada ya kukaripiwa na mjomba, niliurukia mlango huo kwa furaha. Kila mstari mwekundu uliotokea, mimi niliongeza. Mato, ongeza. Ndia, ongeza. Majina ya mitaa, ya samaki, ya pepo za bahari, ongeza. Mwishowe sikuwa nikisoma tena maneno yenyewe. Nilikuwa nikifukuza wekundu tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Katika mbio hizo nilipiga chapa utungo ambao mjomba aliutunga kumlilia mkewe, mkaza mjomba wangu. Kibwagizo chake kilikuwa na neno marehemu. Mimi niliandika marhemu. Mashine ilitimiza wajibu wake, ikanionya kwa mstari. Nami nikaongeza. Kisha, kwa kuwa kibwagizo hurudiwa, nikakinakili katika beti zote 12.

Ulipofika mwaka mmoja tangu mama yule azikwe, familia ilitaka utungo huo usomwe baada ya hitima. Nikatoa nakala 100 zikagawiwa jamaa. Hakuna aliyesema neno. Watu wazima, mimi nikiwa mmoja wao, husoma wanachokijua wala si kilichoandikwa. Sote tulisoma marehemu.

Miezi miwili baadaye prufu za kitabu zikaletwa. Mjomba akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu amsomee. Mtoto wa darasa la tatu hana haraka, husoma kila herufi aliyowekewa. Alipofika kwenye kibwagizo akasoma: mar-hemu. Mjomba akamwambia arudie. Akarudia vilevile. Mzee akahesabu kwa vidole vyake. Mizani zilikuwa saba badala ya nane.

"Ubeti wa pili je?"

Saba. Wa tatu, saba. Hadi wa kumi na mbili.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu kama karatasi zile za hitima nazo zilikuwa hivyo. Nilipokubali, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alikuwa na jambo moja tu la kumpa mkewe baada ya kufa, na limemfikia likiwa na pengo.

Nilirudi nyumbani nikaifungua kompyuta. Kwenye kioo hapakuwa na mstari hata mmoja. Ukurasa ulikuwa mweupe, safi, unaong'aa. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilikuwa nimemfunga mlinzi kitambaa usoni kisha nikamsifu kwa utulivu wake.

KAMUSI IMEFICHWA WAPI?

Yafaa kila anayeandika kwa kompyuta ajue kwamba maneno aliyoongeza hayapotei hewani. Yamehifadhiwa katika faili, na faili hiyo yaweza kufunguliwa, kusomwa na kusafishwa. Ajabu ni kwamba wengi wetu huongeza maneno kwa miaka mingi tusiifungue hata mara moja.

Katika Microsoft Word ya Windows, nenda palipoandikwa File, kisha Options, kisha Proofing, halafu ubonyeze Custom Dictionaries. Utaona orodha ya kamusi zako. Ile ya kawaida huitwa CUSTOM.DIC, na anayetumia Word akiwa ameingia kwa akaunti yake huenda akaona nyingine iitwayo RoamingCustom.dic. Ichague moja, bonyeza Edit Word List, nayo itakufungulia maneno yote uliyoyaongeza. Neno lililokosewa halirekebishwi papo hapo. Lifute, kisha uliandike upya ipasavyo.

Anayetaka kuiona faili yenyewe ya CUSTOM.DIC ataipata katika folda iitwayo UProof. Folda hiyo imo ndani ya Microsoft, nayo imo katika AppData, ambayo kwa kawaida Windows huificha. Njia ya mkato ni kuandika %AppData% kwenye kidirisha cha anwani cha folda, kisha kushuka hadi Microsoft na UProof. Funga Word kwanza. Utakachokiona ni kitu cha kawaida mno: maneno matupu, kila moja katika mstari wake, yanayofunguka hata kwa Notepad. Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya faili uiweke kando, na ukimaliza uihifadhi kwa mtindo wa herufi za Unicode ilivyokuwa.

Kwa watumiaji wa LibreOffice, mambo ni karibu yaleyale. Ingia Tools, kisha Options, na katika sehemu ya lugha utafute Writing Aids. Kamusi ya kawaida huko huitwa standard.dic, na faili yake hukaa katika folda iitwayo wordbook. Nao wenye simu zinazotumia Gboard waangalie katika mipangilio ya kibodi, kwenye sehemu ya kamusi. Huko pia maneno yako yamekaa yakikungoja.

Nilipoifungua ya kwangu nilikuta maneno 1,340. Niliyasoma yote kwa siku tatu. Marhemu alikuwapo, ameketi kwa heshima baina ya maneno halali. Pamoja naye nilifukua mengine 61, yakiwamo shhauri, kiswahlii na jina langu mwenyewe lililokosewa.

KUPALILIA NI KAZI YA KUDUMU

Kutokana na msiba huo nimejifunza mambo manne ambayo nayaona yatawafaa walimu, makarani, waandishi na wote wanaopiga chapa Kiswahili.

Kwanza, usiongeze neno wakati unapoandika. Andika kwanza, maliza, pumzika. Kisha rudi kwenye mistari myekundu mmoja mmoja ukiwa na kamusi ya kitabu pembeni, au mtu anayeijua lahaja husika.

Pili, tenganisha kamusi. Word inakuruhusu kuunda kamusi mpya na kuipa jina. Nami nimeunda moja iitwayo Kimvita. Ninapopiga chapa mashairi ya mjomba, huitia alama ifanye kazi. Ninapoandika barua ya ofisini kwa Kiswahili sanifu, huiondolea alama. Kwa njia hiyo mato yana nyumba yake na macho yana yake, wala hapana ugomvi. Ukiweza, ielekeze kamusi hiyo kwa Kiswahili pekee badala ya lugha zote. La sivyo, neno kama wote, ambalo kwetu ni halali, litakuficha siku utakapoandika kwa Kiingereza ukakusudia wrote ukasahau r.

Tatu, ongeza majina ya watu na mahali, mimea, samaki na maneno ya lahaja. Usihangaike sana na vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili ni mti wenye matawi. Chukua pika: nafsi sita mara nyakati nne, ninapika, ulipika, watapika, amepika, tayari ni maneno 24. Ukitia na anayepikiwa, nilikupikia, watatupikia, yanapita mia, na bado hujafika kwenye asipompikia wala alivyopikiwa. Kamusi yako ya kuongeza haijui kunyambua. Ukiifunza aliyempikia haitatambua waliompikia. Kazi hiyo inahitaji kanuni, si orodha. Programu ya Hunspell, iliyotungwa na László Németh wa Hungaria kwa ajili ya lugha yake iliyojaa viambishi, hutumia faili mbili kwa sababu hiyohiyo: moja ya mashina ya maneno, nyingine ya kanuni za viambishi. Kiswahili, chenye viambishi mbele na nyuma, kinahitaji mabingwa wetu wakae chini waandike kanuni kama hizo kikamilifu.

Nne, kumbuka kwamba mashine yaweza pia kufunzwa kushuku. Katika folda ileile ya UProof kuna faili zinazoanza kwa jina ExcludeDictionary, kila moja kwa lugha yake. Neno utakaloliandika humo litapigiwa mstari hata kama ni halali. Mwalimu anayechanganya kalamu na karamu aweza kulitia karamu humo, ili kila litokeapo akumbushwe kutazama mara mbili. LibreOffice nayo huruhusu kamusi ya namna hiyo.

Na juu ya yote manne, msomee mtu kwa sauti. Bora zaidi, mpe mtoto akusomee.

URITHI

Kitabu cha mjomba kimekwisha kuchapwa, na kibwagizo kina mizani nane. Karatasi za hitima nimezikusanya nilizoweza, nikatoa nyingine na kuzipeleka nyumba kwa nyumba. Zipo ambazo sikuzipata. Zimebaki katika makabati ya watu, na marhemu wangu ndani yake.

Juma lililopita nilikwenda kumsalimu. Baada ya shikamoo nikamwambia kwamba ile kamusi ya Kimvita sasa ina maneno 870 yaliyosafishwa, yote kutoka madaftari yake. Akataka nimsomee. Nikafikiri atachoka baada ya dakika tano. Tulikaa hadi adhana ya magharibi. Kila neno alilisikiliza, mengine akayaeleza, matatu akayakataa, na manne akaniongezea ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Nikayaandika kwa kalamu kwanza, si kwa kompyuta.

Niliondoka nikiwaza kwamba Mwalimu Sikujua angeliielewa kazi hiyo vizuri. Wazee wetu wa Mvita, wa Pate, wa Lamu na wa Vumba wangali na maneno ambayo hayamo katika orodha ya mashine yoyote. Tusiiachie mashine iyafute, wala tusiyarundike ovyo pamoja na takataka zetu. Faili ipo, na mlango wake sasa mnaujua. Fungueni mtazame mmeandika nini.